Mwalimu Asiyemwona Mwanafunzi

Mwaka 2011, Sebastian Thrun na Peter Norvig walipofungua kwa umma, kupitia intaneti, somo la Chuo Kikuu cha Stanford kuhusu akili unde, yaani elimu ya kuziwezesha mashine kutenda kwa namna ya kufikiri, watu wapatao 160,000 walijiandikisha na takriban 23,000 wakalimaliza, na hapo likazuka upya swali la mwanafalsafa Plato katika kitabu chake Phaedrus, iwapo maneno yasiyoweza kuulizwa yakajibu yanaweza kumfundisha mtu. Waandaaji waliacha mihadhara mirefu. Walitumia video za dakika chache, zikionyesha mkono ukiandika kwa kalamu juu ya karatasi, kisha zikikatizwa na swali la kujibiwa na mwanafunzi. Aidha, kazi zilikuwa na tarehe ya mwisho, jambo linalostahili kutafakariwa sana, kwa kuwa uhuru wa kusoma wakati wowote, ambao wengi huusifu, mara nyingi humfanya mtu aahirishe hadi asisome kabisa, ilhali muda wa pamoja huwakutanisha watu wanaohangaikia tatizo moja wiki ileile na kuelekezana. Hata hivyo, wajibu wa kimaadili, yaani deni la mwalimu kwa anayemfundisha, haukomei kwa waliohitimu. Waliokwama kimyakimya nao walikuwa wanafunzi, na walistahili kuulizwa kilichowakwamisha.