Usiku wa Kuamkia Kikao

Wiki hii moyo wangu uko kwa mama mmoja aliyeshuka kutoka Mgeta na tenga la njegere za kuuza Soko la Kingalu, mwanawe wa miaka mitano ameshikilia upindo wa kanga yake. Shauri la talaka liko mahakamani. Miaka mitatu iliyopita alikwenda kwa wakili hapa mjini, akamfungulia kila kitu: deni la kikoba, ugonjwa uliomlaza, miezi aliyomwacha mtoto kwa bibi. Leo wakili yuleyule anasimama upande wa mume, na mambo yale yale yamo kwenye hati za kumtaka mtoto.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inatanguliza maslahi ya mtoto, na aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama, isipokuwa ithibitishwe vingine. Basi anayetaka kuthibitisha vingine huzitafuta siri za mama. Wakili huyu hakuhitaji kuzitafuta, alikabidhiwa.

Mji wetu ni mdogo, nalijua hilo. Wakili ni mwanakwaya, karani ni shemeji ya mtu. Nami simo nje. Kabla ya mahakama, shauri hili lilipita kwenye baraza letu la usuluhishi hapa kanisani. Usiku wa kuamkia kikao, mume alikuja akalia sebuleni kwangu mpaka chai ikapoa. Asubuhi nikaketi kama msuluhishi, machozi yale bado yamo kifuani mwangu, na mke hajui. Nilinyamaza. Nilikosa.

Nimerudi kwenye 1 Wafalme 3. Wale wanawake wawili waliogombea mtoto walisema mbele ya Sulemani wakiwa pamoja, kila mmoja akisikia neno la mwenzake. Nimeisoma sura hiyo miaka mingi nikitazama upanga tu.

Ndugu mawakili mnaosali nasi, faili mlilolifunga zamani bado lina mwenyewe. Mama huyu anaweza kumwekea wakili huyo pingamizi kwa hakimu mapema, na Kamati ya Mawakili hupokea malalamiko. Nilitamani kumsindikiza, lakini mume naye ni kondoo wangu. Nimewaomba wasaidizi wa kisheria wamsaidie kuandika.

Nimejitoa kwenye baraza kwa lolote litakalobaki la nyumba hiyo. Jumapili, baada ya ibada, nitamwambia mama yule, mumewe akiwepo, kwamba mume alinijia usiku ule. Aliyoyasema yatabaki kwangu.