Haraka na Haki katika Kazi ya Habari za Mtandaoni

Walimu wa Kiswahili tunalo neno moja lililozaliwa mpakani, nalo ni bodaboda. Asili yake husimuliwa hivi: katika miaka ya 1960 na 1970 wachukuzi wa baiskeli wa Busia waliwavusha abiria na mizigo yao baina ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakiwaita wateja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilirudia mara mbili. Neno hilo limeenea Afrika Mashariki, likahama kutoka baiskeli hadi pikipiki, na leo hutamkwa hata na watu wasioijua Busia.

Mpakani hapo hapo sasa yupo mchukuzi wa namna nyingine. Huyu habebi abiria bali habari, wala hatumii baiskeli bali simu ya mkononi. Ni mwandishi anayeitumikia kampuni ya habari za mtandaoni. Wachukuzi hawa wawili wanafanana kwa mengi, lakini wanatofautiana kwa jambo moja kubwa. Yule wa baiskeli alilipwa kwa kumfikisha abiria alikotaka kwenda. Huyu wa habari, mara nyingi, riziki yake hutegemea idadi ya watu waliogeuza shingo kumtazama alipokuwa akipita. Je, mtu anayelipwa kwa kutazamwa aweza kuwa mwaminifu kwa kile alichokibeba? Hilo ndilo swali la makala haya.

Kwanza yafaa tupaelewe mahali penyewe. Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Uganda. Wasamia wanaishi pande zote mbili, na Wateso vivyo hivyo. Kaskazini yake iko Tororo, mji ujulikanao kwa mwamba wake mkubwa uliosimama peke yake. Katika wilaya hiyo ya Tororo imo Malaba, lango ambamo malori yatokayo Mombasa huingilia Uganda kuelekea Kampala, Rwanda na Kongo. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Mahali kama hapa habari haziishi: bei ya mahindi, magendo, ajali, ugonjwa, migomo ya madereva. Na kila habari ina wasomaji wa aina mbili, kwani jambo lile lile humhusu Mkenya kwa namna moja na Mganda kwa namna nyingine.

Mwandishi wa gazeti la zamani aliyekuwa mpakani alikuwa na mchana mzima wa kuuliza. Jioni alipiga simu, mhariri akamhoji, habari ikapigwa chapa usiku na kusomwa asubuhi. Hatusemi kwamba magazeti hayo hayakukosea. Yalikosea; lakini kosa lililochapwa lilibaki limechapwa, na mhariri mwadilifu aliomba radhi mbele ya wale wale aliowapotosha. Kazi ya mtandaoni haina jioni. Habari hutakiwa sasa hivi, kisha hutakiwa nyingine. Mhariri aliyeketi Nairobi au Kampala huona katika kompyuta yake idadi ya watu wanaoifungua kila habari katika dakika ile ile. Matangazo ya biashara hulipiwa kwa kuangalia idadi hiyo. Na mwandishi wa mbali, ambaye aghalabu hana mshahara bali hulipwa kwa kila habari iliyokubaliwa, hujifunza upesi ni habari za namna gani zinazokubaliwa. Hapana mtu aliyemwamuru aseme uongo. Hesabu peke yake yamfundisha.

Tutazame mfano ambao wakazi wa mpaka hawajausahau. Katika miezi ya Aprili na Mei mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, madereva wa malori walipimwa Malaba na Busia, na misururu ya malori ikarefuka kwa kilomita nyingi upande wa Kenya. Taarifa za kila siku za Uganda zilitaja utaifa wa dereva aliyekutwa na ugonjwa na mpaka alikopitia. Taarifa hizo zilikuwa za kweli. Lakini maneno “dereva Mkenya”, yakirudiwa kila siku katika vichwa vya habari, yaligeuka kuwa kitu kingine. Madereva walilalamika kwamba wanatazamwa kana kwamba wao ndio ugonjwa. Baadaye mwezi huo wa Mei, serikali ya Uganda iliwaondoa madereva wa kigeni katika jumla ya wagonjwa wake. Siku moja mtu alikuwa namba, siku ya pili hakuwa hata namba. Na siku zote mbili alikuwa mgonjwa yule yule, mbali na kwao.

Hapa ndipo ugumu wa kimaadili unapojitokeza. Aliyeandika kichwa cha habari hakudanganya. Alichagua neno ambalo lingefunguliwa na wengi, akaliacha ambalo lingefunguliwa na wachache. Uongo unaweza kukanushwa, lakini uchaguzi wa namna hiyo utakanushwaje? Madhara yake hayakumpata aliyeketi mjini mbali. Yaliwapata watu waliokuwa wakinunuliana chakula na kuoana tangu kabla mpaka haujachorwa.

Wapo watakaojibu kwamba lawama ni ya wasomaji: kampuni huwapa watu wanachokitaka, na idadi ni kura yao. Hoja hii yasikika kuwa ya kidemokrasia, lakini haisimami. Idadi huonyesha kwamba jicho lilivutwa. Haionyeshi kwamba mtu alipata alichokihitaji. Watu husongamana barabarani kutazama ajali, wala hakuna anayesema kwamba wamezipigia kura ajali. Mfanyabiashara wa mahindi katika Busia anaweza kufungua kwanza habari ya kioja cha ndoa, hali akihitaji zaidi kujua kama lori lake litapita kesho. Mwandishi anayeitumikia hesabu ya macho peke yake humwona mtu huyo nusu tu.

Wengine watasema kwamba tatizo ni haraka, wakitukumbusha kuwa haraka haraka haina baraka. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na wote wawili wana haki. Katika Budalang'i, upande wa Kenya wa Busia, mto Nzoia umefurika mara nyingi na kuwafukuza watu makwao. Habari ya maji yanayokuja, ikichelewa kwa ajili ya kunyooshwa lugha, ni habari iliyoua. Kwa hiyo haraka si uovu. Yatupasa kutofautisha haraka mbili: ile ya kumwahi msomaji kabla hajadhurika, na ile ya kumwahi mwandishi mwenzako kabla hajatangulia. Ya kwanza ni huduma. Ya pili ni mashindano, na anayelipia mashindano hayo ni mtu asiyeshiriki. Mwandishi mwenyewe hujua, moyoni mwake, ni ipi inayomkimbiza.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba hesabu huwatawala waandishi peke yao. Mjini Nairobi kulikuwa na vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama kufanya kazi kwa niaba ya Meta, mmiliki wa Facebook. Kazi yao ilikuwa kutazama maandishi, picha na filamu zilizowekwa mtandaoni na kuamua zipi ziondolewe. Walitazama mauaji na mateso ili sisi tusiyatazame. Mwezi wa Mei 2022 mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alizishtaki kampuni hizo katika mahakama ya Kenya, akidai kuwa kazi hiyo ilimdhuru akili na kwamba alifukuzwa kwa kujaribu kuwaunganisha wenzake katika chama. Mwaka 2023 wengine zaidi ya 180 walifungua kesi nyingine. Kampuni zilikana madai hayo. Na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta yaweza kushtakiwa nchini humo. Si kazi ya makala haya kuitangulia hukumu. Linalotuhusu ni kwamba walalamikaji walieleza kazi iliyopimwa kwa sekunde. Mwandishi huharakishwa kuweka, na mwenzake huharakishwa kuondoa. Kati yao hapana aliyepewa muda wa kufikiri.

Je, basi mfanyakazi wa kampuni kama hizi hana hiari yoyote? Tukisema hivyo tutakuwa tumemvua utu wake kwa nia ya kumtetea. Upo mfano wa Tanzania unaoonyesha vingine. Mtandao wa JamiiForums ulianzishwa mwaka 2006. Desemba 2016 mmoja wa waanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watu walioandika humo bila kutaja majina yao. Alihudhuria mahakamani kwa miaka, na Aprili 2020 alitiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi na kutozwa faini. Mtu aweza kubishana na msimamo wake katika jambo hili au lile. Lakini hapa palikuwa na kampuni ya mtandaoni iliyogharamia kitu kisichoongeza hata msomaji mmoja, yaani ahadi yake kwa mtu iliyemsikiliza. Maadamu jambo hilo liliwezekana, hatuwezi kusema kwamba hesabu ni maumbile kama mvua. Ni desturi iliyochaguliwa na watu, na watu waweza kuipunguzia nguvu.

Kwa hiyo lawama tuigawe kwa haki. Mwajiri anayelipa kwa kila habari, bila kulipia nauli ya kwenda Malaba wala saa ya kumngoja ofisa athibitishe, ameununua uvumi, hata kama kanuni zake zilizobandikwa ukutani zinausifu ukweli. Yeye ndiye mwenye sehemu kubwa. Mwandishi naye, ijapokuwa ana njaa, anabaki na neno lake. Hawezi kuchagua mshahara, lakini aweza kuchagua kuandika “dereva” pale ambapo utaifa hauongezi maana. Tusimdai utakatifu, tumdai neno hilo moja.

Na hapa sisi walimu tunaingia, kwani maneno ndiyo kazi yetu. Mabaraza ya elimu ya nchi hizi mbili yanatuhitaji zaidi kuliko zamani. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa; Uganda ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza lake la mawaziri likaamua kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto wa Busia na Tororo watasoma habari zao katika lugha hii, na wengine wataziandika. Tuwafundishe nini?

Tuwafundishe, kwanza, uzito wa kauli za kutendwa na kutendeka. “Inadaiwa”, “inasemekana”, “imebainika”: maneno haya yalikusudiwa kuwa tahadhari, lakini katika kazi ya haraka yamekuwa mahali pa kujifichia. Mwanafunzi akiandika “inadaiwa”, mwalimu na amwulize: inadaiwa na nani? Sarufi yetu inayo nafasi ya mtenda baada ya kitenzi hicho, na aiachaye nafasi hiyo tupu aeleze kwa nini ameiacha.

Pili, tuwafundishe tofauti ya kufuta na kusahihisha. Habari ya mtandaoni ikikosewa, ni rahisi kuibadilisha kimya kimya, na aliyeisoma saa moja mapema asijue kamwe kwamba alidanganywa. Kila mwalimu anaijua tofauti hii katika daftari. Mtoto anayefuta hesabu aliyokosea mpaka karatasi itoboke ameficha kosa. Yule anayepiga mstari na kuandika jibu sahihi kando yake amejifunza, na amemwonyesha mwalimu njia aliyopita. Kampuni iliyo tayari kuandika chini ya habari yake “hapo awali tulisema hivi, nasi tulikosea” itapoteza wasomaji wachache kwa siku moja. Lakini mkazi wa mpakani, atakapoambiwa siku nyingine kwamba maji yanakuja, ataamini na kukimbia.

Mwisho, zoezi moja kwa madarasa ya juu. Wanafunzi wachukue habari yoyote ya mtandaoni inayohusu mji wao na kuijibia maswali matatu: Aliyeiandika alifika? Yupo aliyetajwa kwa jina la kabila au taifa bila sababu? Ikiwa si kweli, ni nani atakayeumia kwanza? Majibu yasomwe mbele ya darasa. Katika darasa la Busia au Tororo, swali la tatu huenda likajibiwa kwa jina la mtu wanayemfahamu.