Maradona na Mtoto Aliyemkana

Katika nyumba zetu nyingi wanaume wa umri fulani wakianza kumzungumzia Diego Maradona, chakula hupoa mezani. Lile bao la pili dhidi ya Uingereza, tarehe 22 Juni 1986 kule Mexico, husimuliwa kana kwamba limefungwa juzi. Hatuna ugomvi na hilo. Mtoto wa mtaa maskini wa Villa Fiorito aliyefika pale alistahili sifa.

Lakini vijana wetu wana simu, na wanayajua na mengine: kokeini, kufungiwa miezi 15 mwaka 1991, kuondolewa kwenye Kombe la Dunia la Marekani mwaka 1994. Wakituuliza, tunajibu haraka: "Hayo ni maisha yake binafsi." Jibu hilo lina ukweli wake. Uraibu ni ugonjwa, na hatukuwekwa kuwahukumu marehemu.

Lipo jambo moja ambalo jibu hilo haliwezi kulifunika. Septemba 1986, miezi mitatu tu baada ya kombe, alizaliwa mtoto wake wa kiume mjini Napoli, nje ya ndoa. Mama akampa jina la baba, Diego Armando. Baba akamkana. Mei 1987 timu ya Napoli ikatwaa ubingwa wa Italia kwa mara ya kwanza, watu wakacheza barabarani. Mtoto yule alikuwa na miezi saba, katika mji ule ule. Mahakama ya Italia ikaamua kuwa ni wake, bado akakataa. Mwaka 2003 kijana, sasa ana miaka 16, alijipenyeza kwenye uwanja wa gofu ili tu aonane na baba yake. Alikuja kukubaliwa hadharani mwaka 2016, akikaribia miaka 30.

Sasa, hayo yalikuwa maisha binafsi ya nani? Ya baba peke yake? Tukitamka neno hilo tunamfichia siri mwenye nguvu, na anayelipa ni mtoto. Wala si rahisi sauti ya mwanamke mmoja kusikika katika mji unaomwimba mwanamume huyo usiku kucha.

Sisi tunaozijua habari za Daudi tungepaswa kulielewa hili upesi. Zaburi zake tunaziimba, hakuna aliyezing'oa kwenye Biblia. Lakini Mathayo, akiandika ukoo na kufika kwa Sulemani, anamtaja mama yake kupitia Uria, mume aliyeuawa. Angeweza kuruka (ukoo ungesomeka vizuri zaidi, tukubali). Hakuruka.

Kwa hiyo hatusemi mtoto avuliwe jezi namba 10. Bao lisimuliwe, na chakula kipoe. Ila akiuliza, asimuliwe na habari za yule Diego mwingine. Naye alicheza mpira, hata akaichezea Italia soka la ufukweni. Na baba alipomkubali hatimaye, alimkumbatia.