Twahara ya Chombo cha Udongo

Chungu kilichochomwa kwa nyasi na kuni, chini ya nyuzijoto 1000 za Selsiasi, hubaki na matundu madogo yasiyoonekana, na kwa matundu hayo hunywa maji, mafuta na harufu ya kila kinachopikwa ndani yake. Bakuli la kuokea lililopita kwenye tanuri la nyuzijoto 1200 au zaidi hushikamana kama jiwe, likanywa kidogo mno. Ndiyo maana chombo chenye matundu, kisichopakwa utando unaong'aa, hakisuguliwi kwa sabuni: sabuni nayo huzama, ikaja kuonekana kwenye mkate. Hutosha maji ya moto na kukwangua, kikiisha kupoa, kwani kikimwagiwa maji baridi kingali moto hupasuka.

Dini zimelishughulikia jambo hili tangu kale: chombo kilichonywa kilichopikwa ndani yake chaweza kuoshwa kikatumika tena? Torati ni kali. Walawi 6:28 yaamuru chombo cha udongo kilichopikiwa sadaka ya dhambi kivunjwe, ilhali cha shaba husuguliwa na kusuuzwa. Uislamu ulilegeza. Huko Khaybar, Uarabuni, mwaka wa 7 Hijria (628), Mtume Muhammad aliamuru vyungu vilivyopikiwa nyama ya punda wa kufugwa vivunjwe; alipoulizwa kama yatosha kumwaga na kuosha, aliridhia. Chombo alicholamba mbwa, kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Shafii, huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Yaani udongo uleule unaoshukiwa kushika najisi ndio unaoiondoa. Wengi wa Mashafii humpa nguruwe hukumu hiyohiyo. Kwa Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Hanafi, mara saba si sharti. Gisenyi, mji wa Rwanda kando ya Ziwa Kivu unaopakana na Goma, ambako Mwislamu na Mkristo hukaa ua kwa ua, swali hilo huweza kuzuka kila bakuli linapoazimwa.

Lakini Rwanda ina swali gumu zaidi, nalo halimo katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu. Inkono, chungu cha kupikia, kwa miaka mingi ilifinyangwa hasa na Watwa, jamii ya wachache nchini humo, na majirani zao hawakukubali kula wala kunywa nao chombo kimoja. Chungu chenyewe kilinunuliwa, kikapelekwa nyumbani, kikapikiwa maharage. Kama unajisi ungekuwa katika kitu, chungu kingekataliwa kwanza, maana mikono ya mfinyanzi ilikanda kila tonge la udongo wake, na chombo hicho, kama ilivyoelezwa, hunywa na kushika. Tena najisi ya kweli ina dawa: maji, udongo, hesabu ya kuosha. Mtwa hakuwekewa idadi yoyote ya kuoshwa. Kilichokuwa kikilindwa pale ni cheo, kikiitwa usafi.

Wala fikihi haiungi mkono jambo hilo: kwa jumhuri ya wanazuoni wa Kiislamu, mwili wa binadamu aliye hai ni twahara, awe Mwislamu au asiwe.