Mwalimu na Mwanafunzi Aliyefikwa na Msiba

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, jueni, enyi ndugu Waislamu, ya kuwa mwalimu amewekewa amana ya mambo mawili: akili ya mwanafunzi na moyo wake.

Siku ya Jumamosi, tarehe 6 Mei 2017, katika mwezi wa Shaabani 1438, watoto wa darasa la saba wa skuli ya Lucky Vincent ya Arusha walisafiri kwa basi kwenda Karatu, kwa njia ile iendayo Ngorongoro, ili wafanye mtihani wa kujipima pamoja na wenzao. Walipofika Rhotia basi likaacha njia, likatumbukia korongoni. Wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Wakapona watoto 3, wakapelekwa Marekani kutibiwa, wakarejea mwezi wa Agosti.

Mfupa hufungwa banzi ukaunga. Moyo hauna banzi. Na mtoto aliyekuwa darasa la saba mwaka ule, leo ni kijana wa umri wa kusoma chuo kikuu. Vivyo hivyo ndugu wa marehemu na rafiki zao. Kijana kama huyo aweza kukaa mbele ya mwalimu asiyejua habari yake: akiulizwa hanyanyui kichwa, akisikia kishindo cha gari hushituka, siku ya mtihani mikono humtetemeka. Mwalimu asiyeuliza atamwita mvivu, kisha atashika bakora.

Basi na watazame walimu mwendo wa Mtume (S.A.W.). Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik, alikuwa mtoto mdogo, akafiwa na kidege chake. Mtume alipomwona ana huzuni hakumpuuza, bali alimwuliza habari ya kidege kile. Ibnul-Qass, mwanachuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, alitoa faida zipatazo sitini katika hadithi hii, akaziandikia kitabu. Ikiwa kidege kimeulizwa, je, wenzi waliokufa?

Huenda mtu akasema: huzuni ni upungufu wa imani. Naye Nabii Yaakub alimlilia Yusuf hata macho yakawa meupe, na Mtume alitokwa na machozi kwa kufa mwanawe Ibrahim. Subira si kukosa machozi. Subira ni kutomkasirikia Mola.

Na mwingine atasema: huruma huharibu masomo. Mtume alikuwa akisikia kilio cha mtoto hufupisha sala, kwa kumhurumia mama yake. Aliifupisha, hakuiacha, rukuu na sijda zilitimia. Basi na mwalimu afanye hivyo: auahirishe mtihani, asiufute, amwulize kijana faraghani, wala asimlazimishe kusimulia msiba wake mbele ya wenzake, amruhusu atoke nje apumue, kisha amrudishe kitabuni. Akiona hali usingizi wala hali chakula, awashauri wazazi wampeleke kwa tabibu, kwani kutafuta dawa ni sunna.

Ewe Mola, warehemu waliokufa Rhotia, watulize waliobaki, na uwape walimu macho ya kuona kilichofichwa vifuani. Amin.