Mpiga Santuri na Amana ya Wimbo

Wanaojadili maadili hupenda kutoa mifano ya shamba, nyumba na mifugo, kwa kuwa hivyo ndivyo vitu ambavyo wanadamu wameibiana tangu zamani. Wimbo ni mali ya namna nyingine. Mwizi akichukua mbuzi wangu, mimi hubaki na kamba tupu; lakini mtu akichukua wimbo wangu, mimi ninao na yeye anao. Je, amenidhulumu? Na kama amenidhulumu, ni kitu gani hasa kilichoondoka mkononi mwangu? Ndugu walimu, swali hili ningependa tulitazame kwa kumfuata mtu mmoja ambaye wasomi hawamjali sana, naye ni mpiga santuri, yule ambaye vijana humwita dijei: mtu asiyetunga, asiyeimba, wala asiyepiga ala, na ambaye hata hivyo watu hucheza usiku kucha kwa amri ya vidole vyake.

Simsemi mpiga santuri wa hotelini, anayerudia nyimbo ambazo redio imekwisha kuzichosha. Namsema yule aliyejitoa kufuata muziki mmoja wa mafichoni, mgumu, wa mbio, ambao wengi wakiusikia huziba masikio. Miji mingi inao muziki wa namna hiyo. Vijana wa Rotterdam, huko Uholanzi, walikuwa na wao mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakauita gabber. Sisi wa Afrika ya Mashariki tunao wetu, nao umesema Kiswahili tangu siku ya kuzaliwa. Jina lake ni singeli.

Singeli ilizaliwa Dar es Salaam katika miaka ya 2000, kwenye mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati. Ukiitafuta nasaba yake, upande mmoja utaukuta mchiriku, ambao vikundi kama Jagwa, kilichoanza mwaka 1992, viliupiga kwa ngoma na kinanda kidogo cha Casio kilichopitishwa katika vipaza sauti vichakavu. Na upande wa pili utaikuta taarabu ya kisasa. Katika vigodoro, yaani sherehe za mitaani za usiku kucha, mpiga santuri alikata kipande kifupi cha ala kutoka katika wimbo wa taarabu, akakizungusha bila kukoma na kukiongeza mbio, na mghani akashika kipaza sauti. Mbio zenyewe zilizidi mpaka zikafika mapigo 200, na pengine 300, kwa dakika moja. Moyo wa mtu aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100, na muziki wa disko uliozoeleka huenda kwa mapigo kama 120. Basi mtu anayecheza singeli huupeleka mwili wake mahali ambapo moyo haujakusudia kwenda.

Tusiharakishe kupita hapo. Singeli yenyewe ilianza kwa kuchukua. Aghalabu hakuna aliyekwenda kumwomba ruhusa mpiga kinanda wa taarabu ambaye kipande chake kilikatwa na kuzungushwa. Kwa hiyo asitokee mtu akatuambia kwamba singeli ilikuwa kisima kisichoguswa mpaka wageni walipofika na ndoo zao. Kisima hicho kilichimbwa katika ua wa jirani.

Ndoo, hata hivyo, zilifika, na zilipitia kwetu Uganda. Arlen Dilsizian na Derek Debru, wenye makao yao Kampala, walianzisha tamasha la Nyege Nyege, lililofanyika mara ya kwanza mwaka 2015 huko Jinja. (Jina hilo, wasemavyo waanzilishi, kwa Kiganda ni ile hamu ya ghafla ya kucheza, mwalimu wa Kiswahili hawezi kulitamka darasani bila kuinamisha macho, na sishangai kwamba mwaka 2018 Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, alijaribu kulipiga marufuku tamasha lenyewe, na mwaka 2022 Bunge nalo likajaribu. Mara zote mbili lilifanyika.) Kampuni yao ya santuri ilitoa mwaka 2017 mkusanyo ulioitwa Sounds of Sisso, wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Zikafuata albamu za Bamba Pana mwaka 2018, za Jay Mitta na Duke mwaka 2019, na ya DJ Travella mwaka 2022. Muziki uliokuwa ukijulikana kwa majina ya vichochoro ukaanza kuchezwa katika kumbi za Ulaya.

Sasa mwalimu wa Kiswahili atege sikio. Nyumbani, singeli ni maneno. Msaga Sumu na Man Fongo walipendwa na watu wa Dar es Salaam kwa yale waliyoyasema: kodi ya nyumba, shemeji asiyejua mipaka, rafiki mnafiki, mama aliyelea peke yake. Mdundo ni farasi, lakini mpanda farasi ni mghani. Ng'ambo, farasi ndiye aliyependwa. Baadhi ya kazi zilizosifiwa sana huko, kama ile Mr Mixondo ya DJ Travella, hazina mghani. Ni mdundo na ala, nao ni ufundi wa kweli, sitaki kuudharau. Lakini kutokana na hali hiyo umezuka ushabiki wa singeli ambao haujawahi kuhitaji neno moja la Kiswahili.

Jambo hili si la mbali kwangu. Mchana nafundisha lugha, na baadhi ya Jumamosi hupiga santuri, yaani kompyuta, maana santuri zenyewe zimebaki katika jina tu. Usiku mmoja kijana mmoja mwungwana alinijia, akanong'ona kwa adabu zote: "Mwalimu, mbona unaacha huyu mtu anaongea sana? Mtoe, utuachie ngoma." Hakuwa na ubaya. Alikuja kucheza, na sauti ile kwake ilikuwa kelele iliyomzuia. Mpiga santuri naye ni mtumishi wa wachezaji. Asiyewasikiliza ataubakiza ukumbi mtupu. Nilimjibu kwamba huyo anayeongea ndiye mwenye shughuli.

Je, jibu hilo lilikuwa la haki, au lilikuwa ubishi wa mwalimu tu? Lugha yetu inayo maneno matatu ya kupimia. Kitu nilichopewa kiwe changu ni zawadi, naweza kukikata nipendavyo. Kitu nilichopewa nikitumie kisha nikirudishe ni azima. Kitu nilichowekewa nikitunze ni amana, na hicho hata kukitumia ni mashaka. Wimbo haukubali kukaa sawasawa katika neno lolote kati ya hayo. Si zawadi, maana mghani wa Tandale hanijui. Si azima, maana hakuna siku ya kurudisha. Ukisema ni amana tupu utakuwa umeukataza usichezwe, na wimbo usiochezwa ni maiti. Nionavyo mimi, sauti ya wimbo ni ya kutumia, na aliyeitoa hadharani amekwisha kuiachilia. Kilicho amana ni nasaba yake: nani kaufanya, mtaani gani, ukisema nini. Hicho ndicho kinachoweza kuibwa hata pale ambapo sauti imebaki kwa mwenyewe.

Wapiga santuri ni watu wenye historia mbaya katika jambo hili, na yafaa isemwe wazi. Huko Jamaika, katika miaka ya 1950, wenye mitambo ya kupigia muziki mitaani walikuwa wakiagiza santuri Marekani, kisha wakikwangua vibandiko ili wapinzani wasijue jina la wimbo wala la mpigaji. Coxsone Dodd alikuwa na santuri moja ya mpiga saksafoni Willis Jackson, akaibatiza jina lake mwenyewe, ikawa ni Coxsone Hop, mpaka mpinzani wake Duke Reid alipoigundua. Baadaye, huko New York, Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, aliloweka santuri zake katika maji ili vibandiko vibanduke. Tunaweza kucheka werevu wao. Lakini vibandiko vile vilikuwa na majina ya watu.

Tena tamaa ile haijafa; imebadilisha nguo tu. Afuataye muziki wa mafichoni hushikwa na wivu wa ajabu. Hupenda kuwa yeye ndiye ajuaye, na siku muziki wake unapopendwa na wengi, huona kama ameporwa. Nimewasikia watu wakisema kwamba singeli imeharibika kwa sababu sasa inapigwa redioni. Imeharibika kwa nani? Kijana wa Manzese hakughani ili abaki mafichoni. Hakuwa na njia ya kutoka, basi. Kuupenda umaskini wa mwenzako kwa sababu unautia muziki wake ladha ni pendo la kutisha kidogo.

Watunzi wetu wa tenzi walijua hatari ya wimbo kutembea peke yake. Ndiyo maana wengi wao waliacha beti za mwisho za kujitaja, jina na nasaba, na pengine hata idadi ya beti, ili mnakili asiongeze wala asipunguze. Watayarishaji wa muziki wa Bongo hufanya vivyo hivyo: hutia ndani ya wimbo sauti inayotamka jina la studio au la fundi. Wageni huiona kuwa ni tangazo la biashara. Mimi naiona kuwa ni ubeti wa mwisho, umeletwa mwanzoni. Na sheria nayo iliwahi kuuona ukweli huu, kwani Mkataba wa Berne, uliporekebishwa mwaka 1928, uliitambua haki ya mtunzi ya kudai kwamba kazi ni yake, ikawa ni haki mbali na haki ya kulipwa.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo kanuni yangu hailimalizi. Baadhi ya maneno ya singeli ni matusi, na baadhi ni mzaha juu ya wanawake ambao nisingependa binti yangu ausikie. Hayo mimi huyapunguza sauti, na harusini huyakata kabisa. Nasema moyoni kwamba nakata nikijua ninachokata, na yule kijana alitaka nikate bila kujua. Tofauti ipo. Lakini mghani aliyeko Mburahati, akisikia kwamba huko Kampala wimbo wake umepigwa bila yeye, hataiona tofauti hiyo. Kwake mikasi ni mikasi. Mwenzangu mmoja anayefundisha fasihi ananiambia kwamba ama nipige wimbo wote, ama nisiupige. Kwa upande wa harusi, nakubaliana naye. Kwa upande wa ukumbi wa usiku, tungali tunabishana.

Siku hizi kabla ya kuanza hushika kipaza sauti nikasoma majina: mghani, fundi, studio, mtaa. Ni kama dakika mbili hivi. Kwa watu waliokuja kucheza mapigo 250 hiyo ni saa nzima, na wengine hupiga miluzi.