Mapenzi ya Mungu na Saa za Wodini

Katika miji ya Mlima Kenya, maombi na dawa vimekaa chini ya paa moja tangu zamani. Hospitali za Tumutumu, Mathari na Chogoria zilianzishwa na wamisionari. Kwa hiyo aliyelazwa Nyeri kwa nyonga iliyovunjika akipatwa na kiharusi papo hapo kitandani, jamaa husema ni mapenzi ya Mungu. Sipingi kwamba uhai ni wa Mungu. Napinga kumbebesha Mungu saa tulizozipoteza sisi.

Kiharusi kikiletwa na damu iliyoganda, dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, baada ya picha ya CT kuonyesha kwamba ubongo hauvuji damu. Mtu angedhani aliyelazwa ana bahati. Utafiti wa Ontario, Canada, uliochapishwa 2015, ulionyesha kinyume: tangu dalili kugunduliwa hadi picha kupigwa, waliotoka nyumbani walingoja kama saa 1.2, na waliokuwa wodini saa 4.5, yaani muda wote wa dawa. Aliye kitandani ana ugonjwa uliokwisha kupewa jina, na kila dalili mpya hutwikwa jina hilo. Uji unamtoka upande mmoja wa mdomo, kikombe kinamponyoka. Tunasema ni uchovu, au dawa ya usingizi haijaisha.

Wapo wanaosema muuguzi mmoja wa zamu ya usiku hawezi kuwa kila mahali. Ni kweli, na lawama hiyo iwafikie wapanga bajeti kabla yake. Wapo wanaosema bila CT kujua mapema hakusaidii. Si kweli: kupima sukari, na kumzuia asile wala kunywa hadi ijulikane anameza sawasawa, chakula kisije kikaingia mapafuni, hakuhitaji mashine kubwa. Na anayeona haraka ni upungufu wa imani asome Luka 13. Mwanamke alikuwa amepindika mgongo miaka 18, na mkuu wa sinagogi akataka watu waje kuponywa siku isiyo Sabato. Maradhi ya miaka 18 yangeweza kungoja kesho, Yesu hakungoja.

Basi unapokwenda kumtazama mgonjwa, mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, ataje jina lake. Kimoja kikimshinda, mwite muuguzi mara moja, umtajie saa uliyoona. Maombi yaendelee akiwa njiani kupigwa picha.